Diski Nne za Kituo cha Salamu

Gari la wilaya lilikwisha kuanza kuteremka kilima cha Mgundu pale Kingu alipochomoka mlangoni mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akipunga bisibisi hewani kama mtu anayefukuza nyuki.

"Simameni! Jamani, simameni! Mmechukua mazabodi!"

Dereva alimwona kwenye kioo, akadhani mzee anaaga. Akapiga honi mbili za heshima, akatoa mkono dirishani, akakata kona penye yale mawe makubwa. Vumbi likabaki limesimama peke yake barabarani.

Kingu naye akasimama, mikono magotini, anahema. Ana miaka sabini na mmoja. Amekimbilia magari mengi maishani mwake, Kapiri Mposhi, Lubumbashi, Mwanza, ila siku zote alikimbia ili apande. Kukimbiza gari ili kitu kishuke, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Bi Tausi, mtunza kituo, alitoka na ufagio wake.

"Shemeji, unawafukuza wageni hata chai haijashuka tumboni?"

"Wamechukua ubao wa zamani wa mashine."

"Si uliungua? Radi imeupiga Jumapili, wao wamekuja leo Alhamisi na mpya, wamekuwekea. Ulitaka wakuachie takataka?"

"Umeungua upande wa umeme, Bi Tausi. Upande wa diski ulikuwa mzima."

Hapo kutoka bondeni ulisikika mlio. Magari ya wilaya siku hizi yanabeba mashine ya kusaga nyuma yao. Sheria ya taka za umeme inasema kilichoungua kisagwe njiani, kisifike mjini. Mlio ulipanda, ukakwaruza kidogo, ukashuka. Haukuzidi muda wa mtu kupiga chafya mara tatu.

"Ndio huo?" akauliza Bi Tausi.

"Ndio huo."

Chini ya kivuli chembamba cha dishi walikwisha kukaa watu kama thelathini, na mikeka yao na karanga zao, maana ilikuwa Alhamisi. Hakuna aliyeuliza kitu. Waliona sura ya Kingu, wakaanza kukunja mikeka.

*

Kila kata iliyotoa watu kwenda na Chombo, kile cha safari ya anga za mbali, ilipewa dishi lake na mashine yake. Hayo yalikuwa makubaliano. Mgundu walitoa kumi na mmoja, wote wakulima wa alizeti, waende wakaoteshe mimea huko kwenye barafu kunakosemekana kunaweza kukalika. Safari yao ni ya miaka thelathini na moja. Ilikwisha kwenda kumi na tisa. Watu wa Mgundu walikiita Chombo hicho Mkokoteni.

Kumi na mmoja hao walituma salamu, na walizituma kwa mtindo ule wa redio za zamani: natumia nafasi hii kumsalimu fulani, na fulani, na fulani, bila kumsahau fulani. Ujumbe ukifika ulikaa kwenye diski za mashine, na kila Alhamisi saa tisa alasiri Bi Tausi aliufungulia, watu wakasikiliza pamoja. Zikikosekana mpya, watu waliomba za zamani. Saba kati ya kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kufa hukohuko, na hao ndio walioombwa zaidi.

Dishi la kata linasikia tu, halisemi. Aliyetaka kujibu aliandika barua kwenda makao makuu, akasahau, maana haikujulikana kama ilifika.

Tena lilikuwako jambo la Mgundu peke yao. Mwaka wa kwanza mtu mmoja alinasa salamu kwenye simu, akaenda kuzipiga kilabuni, walevi wakamcheka mama wa watu anavyolia kwa sauti. Kikao kikakaa siku mbili. Kikaamua: salamu hazitoki chumbani. Atakayezitoa ameiba. Kata za jirani walinakili zao hadi wakachoka. Mgundu hawakunakili hata moja, na walijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia ng'ombe. Kwa hiyo sauti zote za miaka kumi na tisa zilikuwa mahali pamoja duniani: kwenye diski nne, ndani ya sanduku moja la bati, kwenye meza ya Bi Tausi.

Kingu alirudi chumbani akavaa kile kiatu cha pili. Shingoni alikuwa na flashi yenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, imefungwa kwa uzi kama hirizi. Hajaivua tangu Lubumbashi. Akaichomeka kwenye ubao mpya, akawasha, akaanza kuisimika.

Kioo cha mashine kikaandika: Hakuna diski iliyopatikana.

"Mbona ziko nne hapo, nami naziona?" alisema Bi Tausi nyuma yake.

"Wewe unaona mabati. Linux inaona kile ubao unachoionyesha."

Akaingia kwenye mipangilio ya ubao. Sehemu ya hifadhi ilikuwa imewekwa "safu", yaani ubao ujifanye una diski moja kubwa. Akaibadilisha ikawa AHCI, ile njia ya kawaida ya kuonyesha kila diski kwa jina lake. Akawasha upya. Sasa zikatokea nne zote zimejipanga, na mbele ya kila moja neno moja: tupu. Chini kabisa swali: Je, diski zote nne ziandaliwe upya? Na alama ya kuchagulia ilikuwa imekwisha kukaa yenyewe juu ya Ndiyo.

Kingu aliondoa mkono mezani, akaukalia.

"Usiguse chochote," akasema. "Hata kufuta vumbi, usifute."

Bi Tausi akavuta kigoda. "Nieleze kama unavyomweleza mtu anayejua kupika tu."

"Haya. Ule ubao wa zamani ulikuwa na kidhibiti chake cha diski. Kila salamu iliyoingia kiliikata vipande, hiki kikaenda diski ya kwanza, hiki ya pili, hiki ya tatu, na ya nne kikaandika kipande cha kuhakikishia, ili moja ikifa zile tatu zilizobaki ziweze kuijaza. Halafu mzunguko unaofuata kikabadilisha zamu. Kukata kiasi gani, kuanza na ipi, hayo kilijua chenyewe. Kiwanda kilichokitengeneza kilikufa kabla nywele zangu hazijawa nyeupe."

"Na hiyo Linux yako unayoisifu?"

"Linux ya zamani ilikijua kidhibiti kile, lakini haiujui ubao huu mpya. Linux mpya inaujua ubao, ila kidhibiti walikwisha kukitoa. Waliokuwa wakitunza draiva yake, yaani programu ya kukisoma, walichoka, wakaacha."

"Kwa hiyo Gunda yumo humo na hayumo."

Gunda alikuwa mume wake. Alikufa mwaka wa sita wa safari, akiwa zamu ya bustani namba mbili.

"Yumo," alisema Kingu. "Naweza kukisia mpangilio. Najaribu hivi, najaribu vile, nasoma tu bila kuandika. Itachukua wiki, labda mwezi. Nitampata."

"Mwezi mmoja si kitu," alisema Bi Tausi. "Ila Jumamosi ndiyo siku yenyewe, shemeji. Na Jumamosi mashine hii inatakiwa iwe na mahali pa kuandika."

Kingu alikuwa analijua hilo tangu alipokuwa barabarani na kiatu mkononi.

*

Jumamosi saa nne asubuhi Mkokoteni ungetuma mara ya mwisho. Baada ya hapo ungepita nyuma ya jua, na ukitokea upande wa pili utakuwa mbali mno kwa madishi ya kata. Yangeusikia yale makubwa tu ya makao makuu, na hayo hayapokei salamu. Wiki mbili kabla ilikuja orodha ya watakaotuma: majina manne. La nne lilikuwa Siwema Kingu.

Siwema alipoondoka alikuwa na miaka ishirini na minne. Baba yake, Kingu mwenyewe, alikuwa Lubumbashi, anarekebisha mizani za mgodi. Alipata habari akapanda magari siku sita, akafika Mgundu siku mbili baada ya Chombo kuruka. Akakaa wiki moja, aibu ikamtoa. Akazunguka tena miaka kumi, kisha akarudi safari hii bila tiketi ya kwenda mbele, akaomba kazi ya fundi wa kituo. Miaka tisa sasa. Alikuwa amesikiliza salamu za zamani za binti yake mpaka akajua mahali anapovuta pumzi. Mpya hazikuja; mwaka wa tatu huu Siwema yuko kimya. Jina lake kwenye orodha ndiyo habari pekee kwamba yuko hai.

Ijumaa asubuhi Kingu alizipima diski moja moja. Ya kwanza nzima. Ya pili nzima. Ya nne nzima. Ya tatu ilipoanza kuzunguka ilitoa mlio mdogo, tik, ikanyamaza, tik tena, kama mtu mwenye mfupa wa samaki kooni. Radi ilikuwa imeigusa. Ilisoma, ila kwa shida.

Akakaa chini kwenye saruji, mgongo ukutani, akafikiri.

Diski ya akiba haikuwako. Wilaya walileta ubao kwa sababu fomu iliandikwa ubao. Mjini ni siku mbili kwenda na mbili kurudi. Flashi yake ilikuwa inaandika polepole mno; mawimbi ya Chombo yakija hayangoji, na ujumbe ukikosa kipande haufunguki. Ilitakiwa diski moja ya kweli, ifutwe, ipokee.

Moja inaweza kutoka. Tatu zinatosha kuirudisha ya nne. Swali lilikuwa itoke ipi, na jibu alilijua fundi yeyote, hata yule aliyejifunza juzi: itoke ile mgonjwa. Zile nzima tatu zibaki na sauti za wafu, salama kabisa. Na Siwema aandikwe kwenye ile inayotoa tik. Ikikwama katika ile nusu saa ya kupokea, Siwema amekwenda.

Au itoke nzima. Siwema apate diski isiyo na wasiwasi, na wafu wabaki kwenye mbili nzima na moja mgonjwa. Ikifa kabla hajamaliza kukisia mpangilio, wote wamekwenda, saba, pamoja na vicheko vyao.

Diski inayokohoa inaweza kukohoa mwaka mzima isife, alijiambia. Amewahi kuiona Moroni, moja ilikohoa miaka mitatu. Wafu hawana haraka. Na yeye ana haraka. Alijiambia hayo, akayaona yana akili, akayarudia, na kila alipoyarudia yalizidi kufanana na mambo aliyokuwa akiyasema kila alipofunga begi.

Bi Tausi aliingia na uji. Akaweka bakuli, akasimama kidogo, kichwa ameinamisha upande wa meza. Mashine ilikuwa inazunguka.

"Umepata njia?"

"Nimepata. Natoa diski moja ya kupokelea. Tatu zilizobaki zinatosha kumrudisha Gunda na wenzake. Ndivyo zilivyotengenezwa."

"Unatoa ipi?"

Kingu alinyanyua bakuli. "Yoyote," akasema. "Zote ni sawa."

Bi Tausi aliendelea kusimama. Akachukua kitambaa begani, akafuta mikono iliyokuwa mikavu.

"Siwema alikuwa analala kwangu, ulipokuwa Kapiri," akasema. "Miaka minne. Akila ugali anaanza na ukoko. Nami nataka kumsikia, usidhani nataka wangu tu."

"Najua, shemeji."

"Na Gunda huwa ananitaja wa mwisho. Anataja kata nzima, mpaka mbuzi, halafu anasema, 'bila kumsahau yule asiyependa nimtaje.' Maneno yenyewe nayajua. Lakini nikiyasema mimi yanatoka na sauti yangu."

"Najua."

"Basi fanya kazi yako, fundi."

Hakuwahi kumwita fundi. Siku zote alikuwa shemeji.

Alipotoka, Kingu alichomoa diski ya kwanza, iliyo nzima, akaipeleka kwenye Linux peke yake. Kioo kikauliza kama ana hakika. Akabonyeza Ndiyo. Haikuchukua dakika mbili.

*

Jumamosi walijaa mpaka nje. Wengine walipanda juu ya mawe. Bwana Lyanga, mwenyekiti, alitaka kutoa hotuba. Bibi mmoja akamwambia, "Mwenyekiti, salamu zako tunazo kila siku," watu wakacheka, akakaa.

Saa nne kamili mstari wa kijani ukaanza kwenda kwenye kioo. Kingu aliuangalia kama mtu anayeangalia maziwa jikoni. Diski iliandika bila kelele, laini, kama haipo. Nusu saa. Kisha kioo kikasema: salamu nne, zote zimekamilika.

Wakazifungulia kwa mpangilio. Wa kwanza alisalimu ukoo wake wote, na timu ya mpira iliyovunjika zamani. Wa pili alikuwa mgonjwa, aliongea kidogo, na mama yake aliyekuwa amekaa karibu na mlango alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Wa tatu aliimba.

Kisha Siwema. Sauti ilikuwa imenenepa kidogo, ya mtu wa miaka arobaini na mitatu. Kingu hakuitambua pumzi.

"Hapa ni Siwema Kingu, bustani namba nne. Alizeti zimetoka salama, msimu wa kumi na saba huu. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa sina la kusema, nisameheni. Namsalimu Mama Tausi wa kituoni, ambaye najua yupo hapo sasa hivi, ameshika ufagio. Mama, nilikula ukoko wa kutosha, umenifikisha huku. Nawasalimu wote mliokaa nje kivulini. Na baba, kama atapita hapo siku moja, mwambieni nilimsalimu. Msimtafute. Akipita tu. Ni hayo, mimi wenu Siwema."

Watu walimgeukia Kingu kwa furaha, wakampiga mabegani. "Amekutaja! Mzee, amekutaja!" Naye alitikisa kichwa, ndiyo, amenitaja, ndiyo.

Bi Tausi alikuwa ameshika ufagio kweli. Aliuegemeza ukutani, akangoja mpaka mtu wa mwisho akatoka.

"Bi Tausi," alisema Kingu, "kuna jambo sikukwambia jana. Kuhusu diski ya tatu."

"Inayolia tik."

Kingu alimgeukia.

"Nimefagia chumba hiki miaka kumi na tisa, fundi. Mlio wa kila kitu humu naujua, nilipoingia na uji niliusikia kabla sijaweka bakuli. Nikakuuliza unatoa ipi."

"Ulijua?"

"Sikujua maana yake. Nilijua kwamba wewe unajua. Nikasimama nikakungoja useme." Akachukua lile bakuli la jana, uji umegandia pembeni. "Ungeniomba, ningekupa. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekupa hata ile nzima, kwa ajili ya yule mtoto. Ila ungeniomba."

*

Kingu alianza kuunganisha siku hiyohiyo alasiri. Alipata ukubwa wa vipande siku ya tano, na zamu ya diski siku ya tisa. Siku ya kumi na moja alipata sekunde sita za sauti ya mwanamume anayetaja majina ya mbuzi. Kabla hajazihifadhi kokote diski ya tatu iliacha kulia, na haikuzunguka tena. Ilipelekwa mjini, ikarudishwa na karatasi kwamba haitengenezeki.

Kikao cha kata kilikaa siku moja. Waliamua salamu nne zilizobaki zinakiliwe kwa kila anayezitaka. Watu kumi na wanane walizichukua.

Bi Tausi aliacha kazi ya kituo mwezi uliofuata akahamia kwa dada yake Kiomboi. Aliishi miaka minane. Nakala ya salamu hakuichukua. Kingu alimwandikia barua tatu. Alizijibu zote, kwa adabu, akimwita fundi.

Bwana Lyanga alipigiwa kura tena mara mbili.

Mama aliyeshika mlango alifariki kabla ya mvua. Mwanawe alifariki Chomboni mwaka uleule. Nani alitangulia haijulikani.

Kingu hakusafiri tena. Alifagia chumba na kukifungua kila Alhamisi saa tisa, na waliokuja walipungua hadi wakawa wawili watatu. Alifia Mgundu akiwa na miaka themanini na mmoja, miaka miwili kabla ya Chombo kufika.

Chombo kilifika. Makao makuu walitangaza majina ya walioshuka, na Siwema Kingu alikuwa wa sita kwenye orodha. Aliandikwa kuwa msimamizi wa bustani, mwenye afya, na mbele ya jina la ndugu wa karibu palikuwa pameandikwa Tausi, wa kituoni, Mgundu.